Kuonyesha Filamu za Zamani Kibandani: Picha, Sauti, VJ na Filamu za Kuanzia

SWALI: Niko Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Nina projekta ndogo ya LED, spika mbili, laptopu na ua mpana nyuma ya duka. Kwa kawaida naonyesha mpira na filamu za mapigano zilizotafsiriwa. Sasa nataka kila Ijumaa niweke filamu moja ya zamani, au mpya yenye uzito. Nilipojaribu filamu nyeusi na nyeupe, watu walicheka mahali pasipo na kichekesho, wengine wakalalamika kwamba hawasikii maneno, na baada ya dakika 20 nusu yao walikuwa wameshaondoka. Je, watu wetu hawapendi filamu za zamani? Nianze na zipi? Na VJ, yule msimulizi anayeitafsiri filamu kwa maiki, atafsiri kwa lugha gani?

JIBU: Ndugu yangu wa Bweyale, kabla hujawalaumu watu wako, ilaumu projekta. Kwa maelezo yako, walichokiona Ijumaa ile ni picha iliyovutwa pembeni, pengine inayokimbia kuliko ilivyopigwa, juu ya pazia hafifu, na sauti isiyoshikika. Hata mpenzi mkubwa wa sinema angebeba kiti chake akaenda. Dalili zako tatu kila moja ina chanzo chake, na vyanzo vyote vinarekebishika kwa fedha kidogo au bila fedha kabisa.

Tuanze na kicheko. Watu wanapocheka pasipo kichekesho, mara nyingi wanacheka miili: ama imenenepa ghafla, ama inatembea kama kuku anayefukuzwa. Unene unatokana na umbo la picha. Filamu bubu zilikuwa na upana wa mara 1.33 ya kimo chake. Sauti ilipoingia, Hollywood ikatulia kwenye 1.37 kuanzia 1932, na hali ikawa hivyo hadi 1953 pazia pana la CinemaScope lilipofika. Projekta yako ina umbo la 16:9, yaani upana mara 1.78 ya kimo. Ukiiamuru ijaze pazia lote, inaivuta picha pembeni kwa theluthi moja. Ingia kwenye menyu ya projekta, tafuta mahali pa umbo la picha, uchague la asili au la kujirekebisha lenyewe. Kama unatumia programu ya VLC kwenye laptopu, bonyeza herufi A mara kadhaa hadi irudi kwenye umbo la kawaida. Kisha pima: tafuta tukio lenye gurudumu, sahani au saa ya ukutani inayotazamana na kamera, simamisha picha, uweke rula juu ya pazia. Upana na kimo vikilingana, umepata. Mistari myeusi itabaki kushoto na kulia. Iache. Hakuna kilichopotea.

Wengine, kwa kuchukia ile mistari, huikuza picha mpaka ijaze pazia. Hapo unakata robo nzima ya kimo, vichwa juu na miguu chini. Kwa Charlie Chaplin au Buster Keaton hilo ni kosa kubwa, kwa sababu nusu ya uchekeshaji wao iko miguuni. Walipigwa picha mwili mzima makusudi, na ukiwakata magoti umewanyang'anya kazi yao.

Ule mwendo wa kuku nao unatokana na kasi. Kabla ya sauti, mpiga picha alizungusha kamera kwa mkono, kwa wastani wa fremu (picha moja moja za ukanda) 16 hadi 20 na ushei kwa sekunde. Sauti ilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1920 kasi ikafungwa kwenye fremu 24, maana sauti haivumilii kupanda na kushuka. Filamu iliyopigwa kwa fremu 18 ikionyeshwa kwa 24 inakimbia theluthi zaidi. Ya dakika 90 inaisha kwa dakika 67 na nusu. Nakala zilizokarabatiwa vizuri na kuwekewa muziki zimeshapewa kasi yake, usiziguse. Lakini ukipata nakala mbichi ambamo hata mtu anayesali anaonekana kama ana haraka, punguza kasi kwenye VLC kwa alama ya mabano ya mraba ya kushoto hadi 0.8, kisha mtazame mtu anayetembea barabarani bila kitendo chochote cha kuchekesha. Huyo ndiye kipimo chako. Usipimie kwenye mbio za kufukuzana, kwa kuwa wachekeshaji wale walizipiga kamera ikizungushwa taratibu kusudi zionekane za kasi.

Siku utakayotumia televisheni badala ya projekta, kuna adui mwingine. Televisheni nyingi za sasa hutengeneza fremu za bandia katikati ya fremu halisi ili mpira uonekane laini. Filamu ikipita humo inafanana na tamthilia ya mchana. Kwenye Samsung jambo hili huitwa Auto Motion Plus, kwenye LG ni TruMotion, kwenye Sony ni Motionflow. Lizime siku ya filamu, liwashe siku ya mpira.

Sasa mwanga. Kisanduku cha projekta ya bei rahisi huandikwa maelfu ya lumeni, kipimo cha mwanga. Usiamini namba hiyo mpaka uone neno ANSI, alama ya kipimo sanifu, pembeni yake; nyingi kati ya hizo hutoa kati ya 100 na 300 za kweli. Kanuni ya kufanyia kazi ni hii: kila mita moja ya mraba ya pazia inataka lumeni 150 za ANSI ili ifikie mwangaza unaotakiwa katika jumba la sinema. Projekta ya lumeni 200 inatosha pazia la upana wa mita 1.5. Ya 500 inatosha mita 2.4. Ukitaka mita 3 unahitaji karibu 760. Na ukiongeza upana mara mbili, mwanga unabaki robo, kwa kuwa kimo nacho kinaongezeka. Nadhani hapa ndipo ulipoteza wengi: mtu mwenye ua mpana hushawishika kuujaza ukuta mzima. Kwa filamu za mapigano za rangi kali unaweza kunusurika na nusu ya mwanga huo. Kwa filamu nyeusi na nyeupe huwezi, maana hadithi yote imebebwa na tofauti kati ya kiza na weupe.

Projekta haiwezi kutoa weusi. Weusi wa picha yako ni ule uliopo pazia likiwa halina picha. Kama balbu ya duka inaangaza pazia, koti jeusi litaonekana la kijivu na uso uliofichwa kivulini utafutika kabisa. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache mwaka mzima, na giza huingia upesi, kwa hiyo saa moja na nusu unaweza kuanza. Zima balbu zote zinazotazama pazia, acha moja tu nyuma ya watu, karibu na mlango, ielekezwe chini. Shuka jeupe moja linavujisha mwanga upande wa pili. Lishonee kitambaa cheusi nyuma, ulivute kwa kamba pande zote nne lisiwe na mikunjo. Plaiwudi iliyopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ni bora zaidi. Zungushia ukingo mweusi wa upana wa kiganja, na macho yenyewe yataona picha imeng'aa. Kwenye menyu ya picha chagua Cinema, na rangi uiweke upande wa joto. Filamu nyeusi na nyeupe yenye ubluu machoni ni dalili kwamba bado uko kwenye mpangilio wa dukani.

Faili nalo lina neno lake. Filamu ya saa mbili iliyobanwa hadi megabaiti 700 inavunjika kuwa vigae kwenye kila sehemu ya giza. Filamu za zamani zina punje za asili za ukanda, na kubana sana hugeuza punje hizo kuwa matope. Tafuta nakala ya ubora wa 1080 yenye gigabaiti 4 hadi 8. Na ukipewa nakala ya filamu nyeusi na nyeupe iliyotiwa rangi na kompyuta, iache. Yule mpiga picha alipanga taa zake kwa ajili ya kijivu, na rangi zilizopakwa juu yake zinaifuta kazi hiyo.

Sauti ndiyo inayofukuza watu kuliko picha. Mtu atavumilia picha mbaya ya mpira kwa sababu anamsikia mtangazaji. Filamu za kabla ya miaka ya 1950, nyingi mno, zina njia moja tu ya sauti, iliyochapwa kama mstari wa mwanga ubavuni mwa ukanda. Mstari huo haubebi besi nzito, wala haufiki mbali kwenye sauti za juu. Unaishia karibu na kilohezi 8. Kilichomo ni sauti ya mtu, katikati. Spika zako, kama za vibanda vingi, zimepangwa kwa muziki: besi imepandishwa juu kabisa. Ukipitisha filamu ya 1948 humo unapata mngurumo, na maneno yamezama chini yake. Shusha besi hadi chini ya nusu, pandisha sauti za kati, punguza trebo kidogo ili mkwaruzo wa ukanda usichome masikio.

Kisha angalia zilipowekwa. Wengi huweka spika moja mbele na nyingine nyuma ili wa nyuma nao wasikie. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde. Mtu aliyeketi karibu na spika ya nyuma, mita 15 kutoka ile ya mbele, anasikia neno lilelile mara mbili, la pili likichelewa zaidi ya milisekunde 40, na silabi zinaanza kupandana. Kwa muziki si kitu. Kwa mazungumzo ni sumu. Weka spika zote mbili mbele, zikiwa karibu na pazia, ziinuliwe hadi mita 1.5 au 2 ili zipite juu ya vichwa vya mstari wa kwanza, zielekezwe chini kidogo kwa watu wa katikati. Ukuta wa nyuma ukiwa mtupu, tundika mikeka au mablanketi. Mwangwi hupungua papo hapo.

Filamu mpya zina ugonjwa wao. Nyingi zimepangwa kwa spika sita, na maneno ya wahusika yamewekwa kwenye spika ya katikati. Laptopu ikitoa njia mbili za pembeni tu bila kuzichanganya na ile ya katikati, utasikia muziki na milipuko kwa nguvu huku midomo ikicheza bila neno. Watu husema filamu imeharibika. Nenda kwenye mpangilio wa sauti wa VLC uchague stirio, kisha jaribu kwa tukio la watu wawili wanaozungumza chumbani pasipo muziki.

Jenereta iweke mita 20 kutoka kwa watu, nyuma ya ukuta. Kuisogeza kutoka mita 5 hadi 20 kunaipunguza kelele kwa desibeli 12, kiasi ambacho sikio linakihisi kama zaidi ya nusu. Bora zaidi ni betri. Projekta ya LED wati 100, spika 100, laptopu 60: jumla 260. Kwa saa mbili na nusu ni wati-saa 650. Betri ya risasi ya volti 12, saa-ampia 100, ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukiivuta chini ya nusu mara kwa mara unaiua mapema, na inveta nayo inakula sehemu yake. Kwa hiyo funga betri mbili kwa pamoja. Na ikiwa ua una paa la mabati upande mmoja, mvua ikianza simamisha filamu, andika dakika mlipofika, mngoje. Hakuna spika ya kushindana na mvua juu ya bati.

Dakika 20 zile zina sababu nyingine tena, na hii ni ya filamu yenyewe. Katika Hollywood ya miaka ya 1930 hadi 1960 picha moja ilikaa kwa wastani sekunde 8 hadi 11 kabla ya kukatwa. Katika filamu nyingi za mapigano za leo ni sekunde 2 hadi 4. Jicho lililozoea mkato wa haraka huona filamu ya zamani imelala. Lakini jicho hujifunza upesi, kama mtu anayetoka juani kuingia chumbani. Mpe dakika kumi na tano za kuzoea kwa njia ya filamu fupi kabla ya kubwa, na kabla ya zote simama mbele useme mambo matatu tu kwa dakika mbili: tuko wapi, huyu ni nani, anataka nini. Anayejua mhusika anataka nini atakaa amngojee.

Tumefika kwa VJ, na hapa Uganda ina utajiri ambao wapenzi wa sinema wa nchi nyingine hawana. Wajapani waliwahi kuwa nao. Wakati wa filamu bubu kila jumba la sinema la Japani lilikuwa na benshi, msimulizi aliyeketi kando ya pazia akizisemea sauti za wahusika wote, na watu walinunua tiketi kwa jina lake kuliko la mwigizaji. Kaka yake Akira Kurosawa, mwongozaji mashuhuri wa filamu wa Japani, alifanya kazi hiyo. Filamu za sauti zilipoenea katika miaka ya 1930 kazi ikafa. Kwetu sauti hiyo ya kando ya pazia ingali hai, kwa akina VJ Jingo na VJ Junior, na majirani wakawa na DJ Afro wa Kenya na Lufufu wa Tanzania. Kwa hiyo ushauri wangu ni uanze na filamu bubu. Nyeusi na nyeupe, ya karne iliyopita, isiyo na neno hata moja; lakini mpe VJ, na utaona haina mazungumzo ya kufunikwa, haina lugha ya kigeni ya kushindana nayo, na ina nafasi tele ya maneno yake. Filamu ya Kiingereza ya mwaka jana ni ngumu zaidi kuisemea kuliko ya 1926.

VJ wako aitazame mara mbili kabla ya Ijumaa. Mara ya pili awe na daftari: majina, nani ni nani kwa nani, na dakika ambazo atanyamaza. Dakika za kunyamaza ni muhimu kuliko za kusema. Uso unapojaa pazia lote, mwongozaji wa filamu amewaita watu waangalie macho. VJ akisema juu yake amesimama mbele ya pazia. Aseme kabla ya uso huo au baada yake. Kwenye filamu bubu, kadi za maandishi hukaa sekunde chache. Azisome kwa sentensi moja ya maneno yasiyozidi kumi, aache. Asitangulize mwisho hata kama anaona watu wamechoka.

Maiki iwe ya kawaida ya mkononi, vidole vinne kutoka mdomoni, imeelekezwa ubavu kidogo ili herufi P isipulize. VJ akae nyuma ya mstari wa spika, la sivyo itapiga mluzi. Anaposema, sauti ya filamu ishuke kwa desibeli 8 hadi 10, isizimwe. Bandika vipande viwili vya utepe kwenye miksa: kimoja pa filamu peke yake, kingine pa filamu chini ya VJ, naye ateleze kati ya hivyo viwili bila kufikiri.

Kuhusu lugha: Kiswahili, bila kusita. Soko la Bweyale lina Waacholi, Walango, Waalur, Wanyoro, watu wa Sudan Kusini na wa Kongo. Diski iliyotafsiriwa Kiluganda inawaacha wengi nje ya mlango hata wakiwa wamekaa ndani. Tena Kiswahili kina faida ya ufundi: kitenzi kimoja hubeba sentensi nzima. "Alinidanganya" inaenea ndani ya pumzi moja, na mdomo wa mwigizaji ukifunga, VJ naye amemaliza. Kionjo cha Kiacholi au Kinyoro hapa na pale kinanogesha. Ila habari inayoendesha hadithi isemwe kwa Kiswahili kila mara, asiachwe mtu.

Ukitumia manukuu badala ya VJ, mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi 40 hivi, rangi ya njano isome juu ya weupe wa picha. Manukuu yakichelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, rekebisha kwa herufi G na H kwenye VLC. Yakizidi kuachana na picha kadiri filamu inavyoendelea, yalitengenezwa kwa nakala ya fremu 25 nawe una ya 24: tofauti ni asilimia 4, yaani dakika 4 katika 100, na kubonyeza G wala H hakutaponya. Tafuta manukuu mengine.

Jambo moja ninalolisisitiza: rekodi VJ kama faili la sauti peke yake, usimchome ndani ya filamu. Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., iliyopigwa Wakaliga mwaka 2010 na kupendwa duniani kote, leo tunayo pamoja na sauti ya VJ Emmie tu. Nakala tupu haipo tena. Sauti ya Emmie ni sehemu ya raha yake, lakini kuipoteza nakala safi ni hasara kwa historia ya sinema yetu. Faili la aina ya mkv linabeba njia kadhaa za sauti pamoja, ya asili na ya VJ, nawe unachagua.

Kuhusu filamu zenyewe. Ijumaa ya kwanza weka The General ya Buster Keaton, 1926. Imepigwa nje, juani, karibu yote, kwa hiyo projekta hafifu inaiweza. Dereva wa gari moshi anaibiwa injini yake anayoipenda, anaifuata. Yale madaraja na mabehewa ni ya kweli. Injini inayotumbukia mtoni ilitumbukizwa kweli, huko Oregon. VJ aseme wazi mwanzoni kwamba mhusika yuko upande wa majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, na filamu hailigusi hilo. Watazamaji wako wana haki ya kujua wanamshangilia nani.

Ya pili, funga pamoja filamu mbili. Borom Sarret ya Ousmane Sembène, 1963, ya dakika kama 20 hivi: mwenye mkokoteni wa farasi wa Dakar anafanya kazi kutwa na mwishowe polisi wanauchukua mkokoteni wake. Baada yake Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, 1948, dakika 89: baba wa Roma amepata kazi ya kubandika mabango, kazi inataka baiskeli, baiskeli inaibwa, naye anazunguka mji mzima na mwanawe mdogo kuitafuta. Aliyeigiza baba hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Katika nchi ambamo bodaboda ilianza kwa baiskeli kule mpakani, na kijana anakopa pikipiki ili ale, hakuna haja ya kumweleza mtu yeyote kwa nini baba yule anakimbia hivyo. Hii ndiyo filamu ya zamani ninayoiamini kuliko zote kwa kibanda chako. VJ anyamaze dakika kumi za mwisho.

Ya tatu, Captain Alex yenyewe; haichukui muda mrefu na itakurudishia walioondoka. Seven Samurai ya Kurosawa, 1954, ina dakika 207, lakini mapumziko yamo ndani ya filamu yenyewe. Igawe hapo iwe Ijumaa mbili. Ukiona Ijumaa ya pili wamerudi wengi kuliko ya kwanza, usishangae: wanakijiji wanaolinda mavuno yao dhidi ya majambazi ni hadithi isiyohitaji VJ mwerevu.

Kabla hujatoza kiingilio, nenda kaulize leseni. Sheria ya mawasiliano ya 2013 inamtaka mwonyeshaji wa filamu awe na kibali cha UCC (Tume ya Mawasiliano ya Uganda), na sheria ya hakimiliki ya 2006 inataka ruhusa ya mwenye filamu kwa maonyesho ya hadhara. Diski uliyonunua ni ya nyumbani kwako. Filamu bubu nyingi za miaka ya 1920 hazina mgogoro huo wa hakimiliki, sababu nyingine ya kuanza nazo. Kwa filamu za Uganda mwandikie mwenyewe aliyeitengeneza.

Mwezi wa pili wa maonyesho yako weka filamu mbili zilizopigwa hapa kwetu, kwa mpangilio huu. Kwanza The African Queen ya John Huston, 1951, dakika 105, iliyopigwa kwa rangi za Technicolor upande wa Butiaba na maporomoko ya Murchison, si mbali na hapo ulipo, na sehemu nyingine Kongo. Humphrey Bogart alipata Oscar yake pekee kwa filamu hii, na yeye na Katharine Hepburn wanapendeza kutazama katika kila dakika. Lakini watu wa nchi yenyewe wamekuwa umati tu: mwanzoni kabisa wanaonyeshwa kanisani wakiguguna wimbo wasioujua, kisha kijiji kinachomwa nao wanatoweka kwenye hadithi. Ijumaa inayofuata weka Queen of Katwe ya Mira Nair, 2016, dakika 124. Katika ya kwanza malkia ni mashua. Katika ya pili ni Phiona Mutesi, binti wa Katwe anayeuza mahindi na kucheza chesi, mwenye mama, madeni ya nyumba na hasira zake. Usizioneshe usiku mmoja. Ni karibu saa nne, na betri zako zitavutwa hadi ukingoni. Mwambie VJ Ijumaa ya pili aanze kwa kuuliza swali moja tu: mnakumbuka jina la Mwafrika yeyote katika filamu ya juma lililopita? Anyamaze, ahesabu hadi kumi, kisha bonyeza kitufe.